Aliulizwa Baba

Arusi ya wazazi wangu ilihudhuriwa na kijiji kizima. Wapo hadi leo wanaokumbuka ng'ombe aliyechinjwa, ngoma iliyokesha, na mvua ya kwanza ya Novemba iliyowatoa watu uwanjani mbio wakajazana kwenye kibanda cha kumenyea kahawa. Lakini baba alipofariki mwaka 2015 na mama akaenda kufuatilia pensheni ya mjane, mashahidi wote hao hawakumfaa kitu. Kijana wa dirishani alimsalimia vizuri, akampa pole, akapekua bahasha yake: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, hati ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, picha, kitambulisho. Kisha akauliza, "Cheti cha ndoa kiko wapi, mama?"

Kilikuwa kimeliwa na mchwa pamoja na nusu ya sanduku la mbao alimokihifadhi baba. Mama alimweleza hivyo. Yule kijana akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha, "Cheti cha ndoa," akapiga mstari chini yake, akamwita anayefuata.

Nyumbani baba mdogo alikuwa na jibu lake, na alilitoa kwa kujiamini kama mtu aliyepata kuwa mzee wa baraza. "Wamekaa miaka zaidi ya arobaini. Sheria inasema mkikaa miwili tu, hao ni mke na mume. Waambie wakasome sheria yao." Nimeisikia hoja hii mara nyingi tangu siku hiyo, na mtaani wapo wanaoipunguza hadi miezi sita. Chanzo chake ni kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, sheria ya Tanzania Bara iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huohuo. Kifungu hicho hakifungishi ndoa. Kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, hata jamii ikawatambua kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Maana yake ni kwamba unaingia mahakamani kuthibitisha, na mwenye nia mbaya anaingia mahakamani kukukanusha. Ni kimbilio la mtu asiye na njia nyingine. Mama alikuwa nayo, maana ndoa yake ilifungwa kanisani na kuandikwa. Kazi ilikuwa kulipata daftari.

Tukaenda kwanza pale mtu yeyote angekwenda, parokia ya kijijini kwetu, milimani juu ya Mbinga. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele na milele, amina." Karani wa parokia alitoa vitabu vyote alivyokuwa navyo, na cha zamani kuliko vyote kilianza miaka mingi baada ya arusi. Hapo ndipo nilipojifunza swali ambalo sasa namfundisha kila anayeniuliza habari hizi: usiulize kitabu kiko wapi leo, uliza mwaka ule mahali hapa palikuwa chini ya nani.

Maana kijiji chetu leo kina paroko wake na kengele yake, lakini mwaka 1973 kilikuwa kigango tu. Padri alikuja kwa pikipiki, akaungamisha, akabatiza, akafungisha ndoa, akaondoka na vitabu vyake kurudi parokia mama. Na juu ya parokia mama nako kulikuwa na mabadiliko. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, wakapanda milima ya Umatengo na kuanzisha misheni Litembo mwaka 1914. Kwa miaka mingi eneo lote lilikuwa chini ya abate wa Peramiho. Mwaka 1969 ikawa Jimbo la Songea. Mwaka 1986 Jimbo la Mbinga likamegwa. Serikali nayo ikakata mikoa na wilaya zake kwa mkasi wake yenyewe. Mtu aliyeoa mwaka 1973 hakuhama hata hatua moja, lakini ndoa yake imehamishwa ofisi bila yeye kuambiwa.

Parokia mama walikuwa na kitabu. Kilikuwa kikubwa, jalada gumu jeusi, kurasa zimechorwa mistari kwa mkono: namba, tarehe, bwana arusi na wazazi wake, bibi arusi na wazazi wake, mashahidi, sahihi ya padri. Nilipofika Novemba 1973 nikakuta paa lilivuja mwaka gani sijui, na wino wa bluu ulikuwa umetiririka kutoka safu ya tatu hadi ya tano. Majina yalikuwa mawingu. Kilichosalia ni namba, 47, tarehe, 10, na herufi mbili za mwanzo za jina la padri. Karani alikitazama kwa muda, akasema kwa upole kwamba hawezi kuniandikia cheti kwa ushahidi wa mawingu. Alikuwa sahihi. Ningekuwa mimi mwenye muhuri nisingeupiga.

Aliyetuokoa ni katekista mzee, mwalimu kama tunavyowaita kule, aliyekuwa amekaa barazani akisubiri mambo yake. Alimuuliza mama swali moja: "Wewe ulibatizwa wapi?" Mama hakubatizwa huko. Alizaliwa upande wa ziwani, bondeni Nyasa, akabatizwa kwao. "Basi nendeni kwenye kitabu chake cha ubatizo," akasema, "ndoa yake iko pembeni."

Wakatoliki wengi hawalijui hili, ingawa ndilo linaloifanya kumbukumbu ya Kanisa iwe ngumu kupotea. Padri akifungisha ndoa, anaiandika katika kitabu cha ndoa, kisha anatuma taarifa katika parokia alikobatizwa kila mmoja wao, na huko inaandikwa pembeni mwa jina lake la ubatizo. Ndiyo maana kijana anayetaka kuoa leo huambiwa alete cheti cha ubatizo kipya, kisichozidi miezi sita, hata kama anacho cha utotoni kilichofungwa kwenye fremu. Hawana shaka kama alibatizwa. Wanatazama pembeni kama kuna mke.

Basi tukateremka ziwani. Kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1950 kiliandikwa Kilatini, kwa mwandiko wa Mjerumani fulani mwenye subira, kila herufi imesimama wima. Mama alikuwepo, ukurasa mmoja na watoto wengine wa Mei 1957, na pembeni mwa jina lake, kwa kalamu nyingine na mkono mwingine, kwa Kiswahili: ameolewa, tarehe 10.11.1973, parokia fulani, namba 47, na jina la mume.

Namba 47 ikaunganisha vitabu viwili vilivyo mbalimbali kwa safari ya kutwa. Kwa ushahidi huo paroko wa milimani aliandika nakala, akagonga muhuri. Na kwa kuwa sasa tulikuwa na tarehe, mahali na namba, ikawezekana kufanya upekuzi upande wa serikali pia. Kwa sheria ya 1971 padri aliyeruhusiwa kufungisha ndoa alikuwa anafanya kazi mbili kwa kalamu moja: ya Kanisa na ya dola. Anajaza shahada ya serikali, na kumbukumbu yake huenda kwa Msajili Mkuu, ambaye siku hizi ofisi yake ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Nakala iliyothibitishwa ya daftari hilo hupokelewa mahakamani kuwa ushahidi bila kuita shahidi yeyote. Anayetafuta bila tarehe anatafuta sindano baharini. Mwenye tarehe anajaza fomu, analipia, anasubiri.

Lilibaki jambo la jina. Baba alibatizwa Othmarus, mtakatifu wa Uswisi aliyeletwa na wamonaki. Huku Ruvuma haishangazi, tuna akina Otmari, Gallus na Walburga wa kutosha. Kijijini aliitwa Otmari. Lakini alipoajiriwa kuwa bwana shamba, karani wa mahali fulani alisikia alichozoea kusikia, akaandika Omari. Baba akapokea mshahara wa Omari hadi anastaafu na hakuona sababu ya kulalamika. Kwa hiyo daftari la ndoa lilisema mama ni mke wa Othmar, na faili la pensheni likasema mstaafu ni Omari, na kwa macho ya mtu wa ofisini hao ni watu wawili wa dini mbili. Tukaapa. Baba mdogo na shangazi walikwenda kwa wakili kula kiapo kwamba Othmarus, Othmar, Otmari na Omari ni mtu mmoja, kaka yao, na wakili akayaandika majina yote manne kwa mpangilio huo. Ushauri wangu kwa wenye wazazi hai ni kuyamaliza haya wakati mwenye jina bado anaweza kuapa mwenyewe.

Mama alipata pensheni yake. Ilichukua muda, lakini alipata, na malimbikizo juu.

Sikuwa nimemaliza na zile karatasi, hata hivyo. Usiku mmoja nilikuwa nazipanga kwenye faili jipya, la plastiki safari hii, nikaziweka mbili kando kwa kando: nakala ya ubatizo na nakala ya daftari la ndoa la serikali. Ya kwanza ilisema amezaliwa Mei 1957. Ya pili, Novemba 1973, safu ya umri wa bibi arusi: 18. Haihitaji kalamu. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Kilichonishangaza si umri wenyewe, maana mabibi zetu wengi waliolewa wadogo. Nilishangaa kwa nini mtu adanganye palipokuwa hapahitaji uongo. Kifungu cha 13 cha sheria ile kilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mwanamume 18. Kanuni za Kanisa za wakati ule zilikuwa chini zaidi. Ila kifungu cha 17 kilitaka msichana ambaye hajatimiza 18 awe na ridhaa ya baba yake. Labda kuandika 18 kulipunguza karatasi moja. Labda padri alikuwa na msimamo wake na wazee wakamwambia alichotaka kusikia. Nilimuuliza mama: ulipoulizwa umri, ulisemaje?

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Mimi sikuulizwa," akasema. "Aliulizwa baba."

Akaendelea kuchambua. Nilingoja aongeze neno, hakuongeza, na mimi nikajua hapo si pa kuchimba.

Tangu siku hiyo kila ninapoona daftari la ndoa nasoma kwanza safu ya umri, kisha najiuliza ni nani aliyeijibu. Mwaka 2016, kabla hata pensheni ya mama haijatoka, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Rebeca Gyumi kwamba vifungu hivyo viwili, cha 13 na cha 17, vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Niliisoma habari ile gazetini nikamsomea mama. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza huyo Rebeca ni mtoto wa nani.

Zamu yangu ilipofika, niliijua njia. Mchumba wangu ni mtu wa Tanga, Mwislamu, mimi Mkatoliki, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuacha dini yake ili apate karamu. Kwa watu kama sisi sheria ya 1971 ilifungua mlango wa bomani: ndoa ya kiserikali mbele ya msajili, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Upande wetu walinuna. Kwa wazee wa parokiani ndoa ya bomani ni ya watu waliokimbia jambo. Baba mdogo ndiye aliyewanyamazisha. "Huyu mtoto," akawaambia, "baba yake alikuwa Omari kabla hajazaliwa. Mnashangaa nini?"

Mahitaji si mengi, ila kila moja lina mlango wake. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba unakaa pale na unajulikana hujaoa au hujaolewa. Na hapa niseme, mwenyekiti wetu hakunijua hata kidogo, alimuuliza mwenye duka la jirani. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha ndogo. Aliyeachika alete talaka ya mahakama, aliyefiwa alete cheti cha kifo. Zanzibar wana utaratibu wao, sheria hii haiwagusi. Na la muhimu kuliko yote ni kuwahi, kwa sababu taarifa ya kusudio la kuoana lazima itolewe siku 21 kabla. Namjua binti aliyechapisha kadi na kulipia ukumbi, kisha akaenda bomani wiki moja kabla ya shughuli. Msajili Mkuu anaweza kutoa leseni ya kuondoa sharti hilo, lakini kwa sababu nzito, na ukumbi uliolipiwa si mojawapo.

Hizo siku 21 hukaa ubaoni. Tulipokuwa tunasubiri kuitwa nilisoma ubao wote: majina ya wawili wawili, umri, wanakoishi, wazazi wao, yamepigwa chapa kwenye karatasi zilizokunjamana kwa jua. Ni jambo la kizamani, sawasawa na yale matangazo ya Jumapili tatu kanisani, na wapo wanaosema limepitwa na wakati kwa kuwa hakuna anayesimama kusoma. Mimi nililipenda. Mtu yeyote mwenye pingamizi anaweza kulipeleka kwa msajili, na mke wa kwanza amepewa na kifungu cha 20 nafasi ya kupinga ndoa nyingine ya mumewe kwa sababu zilizotajwa wazi: kwamba kipato cha mume hakitoshi na yeye na watoto watateseka, au kwamba huyo anayeletwa ana tabia mbaya inayojulikana, ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Nilimsomea mama kifungu hicho kwenye simu tukiwa tumekaa benchini. Alicheka hadi mlinzi akageuka. "Tabia mbaya inayojulikana," alirudia. "Na isiyojulikana je?"

Alikuja kutoka Mbinga kwa shughuli hiyo, na faili la plastiki kwapani, ingawa nilimwambia hakuna atakayeuliza karatasi zake. Tukaitwa ndani sote watatu. Msajili alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi, fomu mbele yake. Alianza na mimi. Jina kamili, herufi kwa herufi. Tarehe ya kuzaliwa. Nikaitaja, akailinganisha na cheti, akaandika. Akauliza kama naolewa kwa hiari yangu, na hakukubali nitikise kichwa, akataka sauti. Nikasema ndiyo, kwa hiari yangu. Nilimwona mama kwa pembeni amenyoosha shingo akifuata ile kalamu.

Akamgeukia mchumba wangu. Jina, tarehe, hiari. Kisha kile ambacho kila mwanamume huulizwa mbele ya dawati lile, kwa kuwa sheria yetu ina ndoa za aina mbili na lazima aina iandikwe tangu mwanzo. Mkitaka kuibadili baadaye mtakwenda mume na mke pamoja mbele ya hakimu mkatamke kwamba mmekubaliana.

"Ndoa ya mke mmoja," akasoma msajili, "au inayoweza kuwa ya wake wengi?"

"Mmoja," akasema mama.

Msajili aliinua miwani. "Mama, naomba ajibu mwenyewe."

Mama akanyamaza, lakini hakuegemea nyuma. Mchumba wangu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akasema mmoja, na msajili akasubiri arudie kwa sauti kabla hajaandika.